Mkwe Aliyejua Jibu

Mimi sikuutafuta huo mchezo wa simu. Uliingia kwangu na binti yangu, siku aliyorudi kutoka Malaba na wasichana wake wawili, godoro limefungwa nyuma ya boda, na uso ambao ukiuona huulizi kitu. Nilimwonyesha chumba. Nikapika. Mtoto wangu akiwa na la kusema huwa analisema akishashiba, kwa hivyo nilingoja ashibe.

Alisema kesho yake. Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu watu wa hapa Bukhayo wameieleza hiyo habari vibaya mpaka imekuwa kama mimi ndiye niliyevunja nyumba ya mtoto wangu.

Mume wake ni dereva wa trela. Anapanga foleni pale mpakani Malaba, anavuka, anaenda Kampala, wakati mwingine anafika mpaka Bujumbura, anarudi. Si mlevi. Hajawahi kuinua mkono. Wanawake wa nje hatujasikia. Watu wakishaambiwa hivyo wanafunga kesi, wanauliza basi huyu mwanamke alikuwa anatafuta nini tena. Sasa sikiliza. Huyo mtu hajui kusema hapana. Mama yake, aliye Butula, alimwambia anataka mke wake atoke Malaba ahamie kwake akalime. Akasema sawa. Mke wake akamwambia hawezi kuacha kibanda chake cha kushona nguo. Akasema sawa. Ndugu zake wakasema watakuja na pikapu kubeba vitu. Sawa. Pikapu ikaja yeye akiwa Uganda. Binti yangu alimpigia simu akiwa amesimama mlangoni, akamwambia wanabeba vitu vyangu, naye akajibu usikubali, hakuna mtu wa kukuhamisha. Ndugu yake mkubwa naye akampigia pale pale, binti yangu akisikia, akajibiwa sawa, bebeni. Cherehani ikapanda pikapu. Ilienda Butula, na aliyekuwa akiitumia ni mke wa huyo ndugu.

Kesi ndiyo hiyo.

Mimi nilitaka binti yangu abaki kwangu. Sikuficha. Kila aliyekuja kuuliza atarudi lini kwa mume wake nilimuuliza yeye kwake atarudi lini.

Na kwa yule mwanamume mwenyewe singeweza kufikisha neno. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaongei. Wengine wameacha, wanasalimiana kwa mkono kama watu wa ofisi, wanapigiana simu, wanapiga picha pamoja kwenye harusi wameshikana mabega. Mimi sijaacha. Tangu amuoe binti yangu, huyo mtu akija hapa anakaa kwa nyumba ya shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu, ambaye boma lake na langu yametenganishwa na ukuta tu. Ananisalimia akiwa nje na mimi nikiwa jikoni, najibu kupitia kwa mtoto. Uso wake siujui vizuri. Sauti yake ndiyo naijua, kwa sababu kwa miaka hiyo yote nimeisikia ikipita juu ya ukuta: sawa mzee, sawa, sawa.

Kwa hivyo mambo yote niliyokuwa nayo ya kumwambia yalikaa ndani yangu yakichacha.

Sasa mchezo. Binti yangu alikuwa akitoka asubuhi kwenda soko la Busia kushona kwa mkono, kupunguza suruali na kubadilisha zipu, na mimi nabaki na mahindi. Yakiwa yameanikwa kwenye turubai lazima mtu akae hapo, kuku wa shemeji yangu hawana adabu. Akaona nakaa bure, akaniwekea mchezo kwenye simu ya kuguza ambayo kijana wangu wa Nairobi alininunulia. Akaniambia, "Mama, huu utakupunguzia mawazo."

Haukupunguza. Kuna kiti, kuna taa, kuna mwanamume wa kuchorwa amevaa suti. Anakusomea swali kwa sauti, halafu majibu manne, A mpaka D. Hiyo kusoma kwa sauti ilinifaa, maana mimi nilitolewa shule darasa la nne na maandishi ya simu ni madogo kama mbegu za wimbi. Ukipata unapanda. Ukikosa unatupwa nje na muziki wa matanga. Ukikwama kuna misaada mitatu. Wa kwanza unafuta majibu mawili ya uongo, unabaki na mawili. Wa pili unauliza watu wanaotazama, na hao ni wajinga. Niliwauliza mara moja kama popo ni ndege, wakasema ni ndege, wakakubaliana karibu wote, na mimi nikatupwa nje kwa ajili yao. Wa tatu unampigia rafiki aliye kwenye mchezo saa hiyo. Simu yake inalia, anaona swali lako, mnaongea kidogo huku saa inakimbia.

Kitu nilichochukia zaidi ni huyo wa suti. Ukishachagua anakuuliza, "Una uhakika?" Nikisema nimesema. Mtu akikuuliza una uhakika anataka utikisike. Na ukikosa anasema pole kwa sauti ya furaha. Hata netiwaki ilikuwa na dharau yake: nikihamisha kiti karibu na jiko, simu inashika Uganda, inanikaribisha Uganda, na mimi niko kwangu naangalia mahindi yangu.

Niliuchukia, na niliucheza kila mchana.

Huo mchezo pia unakutafutia marafiki kwa lazima. Kila ukifungua unakuuliza: huyu ni rafiki wa rafiki yako, unamtaka? Ukibonyeza hapana, kesho anarudishwa. Kulikuwa na mmoja mwenye picha ya trela nyekundu. Huku kwetu picha ya trela haikuambii mtu ni nani. Kutoka Malaba mpaka Busia, kila mwanamume aliyewahi hata kuosha trela ameweka picha ya trela. Nikabonyeza ndio ili kitu kinyamaze. Picha yangu mimi ilikuwa ua la waridi, na jina binti yangu alikuwa ameniandikia la kuchekesha ambalo siwezi kulitaja mbele ya watu. Kwa hivyo huyo wa trela hakujua ua ni nani, na ua hakujua trela ni nani.

Mchana mmoja nikiwa hapo nacheza, na mahindi na fimbo ya kuku, simu ikalia ule mlio wa mtu kuomba msaada. Ni ile trela. Nikaguza. Swali likatokea: ni ziwa gani lenye kina kirefu kuliko yote Afrika? A, Viktoria. B, Tanganyika. C, Turkana. D, Malawi.

Nyuma kulikuwa na injini inanguruma, na mwanamume akasema, "Mama, habari ya mchana. Nisaidie hapo."

Mama ni kila mwanamke huku. Hata anayeniuzia chumvi ananiita mama. Nikamjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote.

"Wewe ni mtu mzima na unauliza kitu kama hicho? Ziwa si ni letu hili. Kila mwaka linameza watu. Bonyeza A, wacha kupoteza wakati, mjinga wewe."

"Sawa, mama," akasema. "Sawa, sawa."

Hizo sawa nilizijua. Naye nadhani alinijua pale pale, labda kwa hilo neno mjinga, maana alikuwa amelisikia likipita juu ya ukuta nikiwaambia kuku na watoto. Nilisikia injini, nikasikia mtu akivuta pumzi, halafu simu ikakatika, na kwenye kioo ikaandikwa amebonyeza A na amekosa. Muziki wa matanga ukapigwa.

Nilijifunika uso kwa leso, kana kwamba ananiona. Nilikaa hivyo nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, nimefunikwa leso mbele ya turubai, na kuku wakala mahindi walivyotaka.

Binti yangu aliporudi alinikuta nje bado.

"Huyo wa trela ni nani?" nikamuuliza.

"Trela gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Kwa mchezo. Rafiki wa rafiki yangu. Rafiki yangu kwa huo mchezo ni mmoja tu, ni wewe."

Akaweka chini mfuko wake wa nguo. "Ni baba wasichana."

"Mnacheza?"

"Tunacheza tu. Ni maswali, mama. Hatuongei mambo ya nyumba."

"Mnaongea nini basi?"

"Milima. Mji mkuu wa nchi fulani. Mnyama gani halali." Akaanza kutabasamu, halafu akaona uso wangu akaacha. "Huko Malaba hatukuwa tunaongea hata hivyo. Sasa nikikwama nampigia, akikwama ananipigia. Leo sikuwa na bando."

"Leo amenipigia mimi."

Aliketi juu ya mahindi. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia abonyeze A. Na nikamwita mjinga."

"Mama!"

Basi nikamweleza swali, na yeye akashika kichwa. "A si Viktoria? Mama, ni Tanganyika. Na yeye analijua hilo ziwa, analala kando yake akifika Bujumbura. Yeye ndiye aliniambia hakuna lingine la kwenda chini hivyo Afrika yote."

Akachukua simu yangu, yenye bando, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Nikasikia akiongea, nikasikia akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa.

"Anasema alijua ni B. Alikuwa anataka tu mtu wa kumhakikishia. Lakini alipokutambua, angeanzaje kubonyeza B na mama mkwe amesema A? Akabonyeza A. Alikuwa amepanda mpaka karibu na juu kabisa, mama, akaacha yote iende. Umeona heshima hiyo?"

Niliona. Lakini sikuona alichokiona yeye.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kabla yangu. Wanawake wa kwaya walinishika mikono. Mkwe wa siku hizi wa namna hiyo utampata wapi. Amekubali kushindwa kwa ajili ya mama mkwe. Mmoja alisema hata machozi yalimtoka. Nikamwambia ajipanguse. Shemeji yangu, ambaye huletewa sukari kutoka upande wa pili kila trela ikirudi, alikuja mpaka mlangoni kwangu akicheka.

"Shemeji, mchezo wa simu umekuletea mtu. Sasa mmeongea. Tena umemtukana. Hiyo soni, hiyo aibu ya mkwe, haiwezi kukaa hivyo, lazima iondolewe. Aje na mzee wao, alete blanketi na kuku, mle pamoja mezani, muwe huru."

"Mimi sihitaji blanketi."

"Si wewe ndiye unatukazania mila kila siku? Mimi nilikuwa nimesema tuache."

Kama ningekuwa mama mkwe wa kusalimiana kwa mkono, hiyo simu ingekuwa simu tu. Nikamwambia waje.

Watu walidhani nina hasira kwa sababu nimeaibika. Hapana. Kila nilipokaa kwenye turubai nilikuwa nalifikiria lile jibu. Mtu anajua. Ana B mkononi. Mwanamke mzee asiyejua kitu anamfokea A, na yeye, kwa kuwa huyo mwanamke ndiye aliye sikioni mwake wakati huo, anabonyeza A. Na pikapu je? Ndugu yake alikuwa sikioni. Akabonyeza alichoambiwa. Watu wanaita hiyo heshima. Mimi naona ni woga, na ule woga ndio uliobeba cherehani ya mtoto wangu.

Walikuja Jumamosi mchana, mkwe wangu na baba yake mdogo, mzee mnene mwenye kofia. Asubuhi hiyo niliingia chumba cha binti yangu kutafuta ufagio, nikaona sare za shule za wasichana zimekunjwa ndani ya begi, na viatu vyao. Hakuwa ameniambia kitu. Alikuwa ameamua kwamba wakishakula ataondoka nao.

Aliniona nikitazama lile begi.

"Mama, tafadhali. Leo usiharibu."

"Amekuahidi nini?"

"Kwamba tutakaa Malaba."

"Na mama yake amemwahidi nini?"

Akafunga begi, akaenda jikoni.

Nilivikwa blanketi. Jua lilikuwa linachoma mabati mpaka yanalia, na mimi nimekaa na blanketi zito mabegani, jekundu, lenye picha ya chui. Kuku akapokewa, akapelekwa jikoni. Mimi nikachukua birika na beseni, nikamnawisha mkwe wangu mikono, kama inavyotakiwa. Ndipo nikamwona uso. Ni uso mzuri. Una upole. Ningekuwa msichana ningedanganyika.

"Sasa ongeeni," shemeji yangu akasema, akipiga makofi. "Soni imekwisha. Shemeji, uliza hata habari ya safari."

"Ile siku," nikamuuliza, "ulijua jibu?"

"Nilijua, mama."

"Lilikuwa gani?"

"B, mama. Tanganyika."

"Na ukabonyeza A."

"Wewe ulisema A, mama."

Mzee wa kofia akacheka mpaka kiti kikalia. "Huyo ndiye mtoto wetu! Hana kiburi hata kidogo."

"Mzee, sijamaliza na yeye," nikamwambia. Nikamgeukia mkwe. "Mimi nilikuwa nimekosea. Uliniona nimekosea. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mama."

"Kwa mdomo. Mama, umekosea, ni B. Ni maneno mangapi hayo?"

Akatabasamu, akitazama mikono yake ambayo ilikuwa bado na maji. "Ni heshima tu, mama."

"Na pikapu ilipokuja Malaba, jibu ulilijua?"

Tabasamu likatoka. Shemeji yangu akakohoa. "Shemeji, hiyo ya pikapu tuiwekee siku nyingine. Chakula kitapoa."

"Kuku bado yuko kwenye sufuria. Nimemuuliza mkwe wangu. Ulijua cherehani ni ya nani?"

"Nilijua, mama."

"Ulimwambia nani?"

Alijifuta mikono kwenye suruali. Nje wasichana wake walikuwa wanaruka kamba, wanahesabu kwa sauti.

Nilivuta lile blanketi vizuri, maana lilikuwa linateleza. "Basi sikiliza. Mimi nimeamua. Binti yangu harudi Malaba. Harudi Butula. Harudi na wewe mahali popote. Leo utakula, utashukuru, utaenda, na watoto watabaki hapa. Inawezekana nimekosea tena kama siku ile. Wewe ndiye unayejua. Unasema nini?"

"Aii, mama!" mzee wa kofia akasema.

"Nimemuuliza yeye."

Alitoa jasho. Alimtazama mzee wake, akamtazama shemeji yangu, akatazama mlango wa jikoni. Huko mwiko uliokuwa unagonga sufuria ulikuwa umenyamaza. Mimi nilimtazama mdomo. Nilingoja. Nilimpa muda mrefu kuliko ule wa mchezo, na hakuna aliyemharakisha.

"Sawa, mama," akasema. "Kama wewe umeona hivyo. Sawa."

Baba yake mdogo akamshika mkono. "Wewe! Unakubali nini? Tumekuja kumchukua mke wako!"

"Sawa, sawa, baba. Tutaongea."

Binti yangu akatoka jikoni. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani alilojishonea kwa mkono, amefunga kitambaa, mkononi ana jagi la maji ya moto. Alisimama mbele ya mume wake.

"Umesema sawa?"

"Sikumaanisha hivyo, mama wasichana. Nilikuwa namheshimu mama."

"Na mimi nikikuambia twende saa hii, na watoto, kabla hata hujala, utasema nini?"

"Sawa," akasema haraka, akasimama kabisa, akatafuta koti lake. "Twende."

Hakuna aliyecheka. Hata shemeji yangu, anayechekea kila kitu, alikuwa anatazama sakafu. Binti yangu aliangalia huyo mwanamume amesimama na mkono mmoja ndani ya koti, nadhani ndipo alipomwona. Mimi nilikuwa nimemwonyesha, lakini kuonyeshwa si kuona.

Akaweka jagi mezani. "Nenda tu wewe," akamwambia. "Mimi nitabaki kwa mama."

"Sawa," akasema. Alijaribu kuizuia, ilishatoka.

Mzee wa kofia alinitolea maneno mengi, na mengine ni ya kweli. Alisema nimeivunja nyumba nikiwa nimevaa blanketi lao. Alisema mdomo wangu utanizika. Nilimwambia nimeuliza swali moja tu na mtoto wake alikuwa na majibu mawili ya kuchagua. Shemeji yangu aliwafuata mpaka barabarani akiwabembeleza, akarudi, akapita mbele ya mlango wangu bila kugeuza shingo. Kwa muda mrefu baadaye hakunisalimia, na sukari akaanza kununua kama sisi wengine. Mkwe wangu yeye aliaga vizuri. Alinishukuru kwa chakula ambacho hakuwa amekula.

Niliondoa blanketi, mgongo wangu ulikuwa umelowa. Nikaingia jikoni nikijua nitatukanwa.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya meko anakula yule kuku. Peke yake, kwa mkono, kutoka kwenye sufuria. Alianza na firigisi, ambayo kwetu huwekewa mkwe au mzee wa nyumba, na mwanamke hata akiipika haigusi. Aliitafuna polepole akinitazama, ili nione ni nini anachokula. Akamaliza, akaenda kwenye paja.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Hapana."

"Ulitaka nibaki, nimebaki. Begi nilikuwa nimefunga. Ungenyamaza tu, mama. Ungekula kuku, ungenyamaza."

"Ningenyamaza, ungeenda na nani?"

Alitafuna. Nje wale wasichana walikuwa wameacha kamba, wanauliza kama baba amerudi kwenye gari lake.

"Mama," akasema baadaye. "Kama angesema hapana?"

"Nini?"

"Kama angekuambia hapana, umekosea, huyu ni mke wangu na naenda naye. Ungefanya nini?"

"Ningewaitia boda mimi mwenyewe. Ningewapa na kuku mwingine wa kwenda naye."

"Unasema tu."

"Nilimuuliza ili aseme. Nilikuwa namngoja. Hukuniona vile nilimngoja?"

"Nilikuwa jikoni," akasema. "Sikuona kitu. Nilisikia sauti yako tu."

Hakuniamini. Mpaka leo haniamini, na majirani hawaniamini, na kanisani wanawake wa kwaya wamehamia kiti kingine. Alinawa mikono, akanisukumia ile sufuria, ndani kumebaki shingo na miguu na mchuzi kidogo, akatoka kwenda kuwaambia watoto wake.